Tunawapima wazee macho bure, tunawapa rufaa, hawaendi. Tatizo liko wapi?

#1 Mpiga Tochi

Wakuu, habari zenu.

Mimi ni mmoja wa wanaojitolea kwenye kikundi kinachopima macho ya wazee mitaani. Tunapima mita 6 kwa kamba, tunabandika ubao wa herufi E zinazotazama kila upande ili hata asiyejua kusoma aonyeshe kwa kidole, tunaziba jicho moja tunapima la pili. Asiyeona vizuri tunamshikisha kadi yenye tundu dogo katikati. Akiona vizuri zaidi kupitia lile tundu, tunajua miwani itamfaa. Asipoona, tunamwandikia rufaa ya daktari wa macho.

Hapo ndipo kazi inapokufia. Wa miwani ya kusomea anaondoka anacheka, maana shida yake imeisha palepale. Wa rufaa haendi. Tukirudi mtaani tunamkuta yuko vilevile, au hali imezidi. Bibi mmoja nilimkuta na ile karatasi yangu, kaikunja mara nne, kaifunga ndani ya kitambaa na kuipiga fundo. Nikamuuliza kama ameshaenda. Akaniambia hajaenda, ila ameitunza vizuri isipotee.

Naombeni mchango wenu, hasa wenye wazee nyumbani na mliowahi kufanya kazi hii. Kwa nini hawaendi?

#2 Kaa Chonjo

Nawahi siti ya mbele. Mama yangu ana presha ya macho, nasubiri madini.

#3 Nesi wa Zamu

Mleta uzi, nimekaa kliniki ya macho muda mrefu. Jibu langu ni fupi: msindikizaji.

Mzee haoni, ndiyo maana umempa rufaa. Halafu unamwambia apande gari mwenyewe, atafute jengo, asome vibao vya milango, apange foleni. Haiwezekani. Lazima mtu aache kazi yake ampeleke. Na si safari moja: kuna ya uchunguzi, ya upasuaji, ya kurudi kukaguliwa. Kwenye familia wanaanza kutazamana nani aende, na mzee anayaona hayo yote, anajinyamazia. Mwisho anasema "acheni tu, naona kidogo".

Kwa wanawake ni zaidi. Duniani kote zaidi ya nusu ya watu wenye matatizo ya kuona ni wanawake, na sababu mojawapo ni hiyo, wao ndio wa mwisho kupewa nauli na mtu wa kwenda nao.

#4 Fundi Miwani

Dada Nesi, nakuheshimu ila hapo napingana nawe kidogo. Nawaona wengi ambao wana watoto wanne, gari lipo uani, na bado hawaendi.

Kwa uzoefu wangu mzee haendi kwa sababu haoni haja. Mtoto wa jicho haji kwa siku moja. Lenzi inapata ukungu polepole, miaka inapita, na mtu anajizoesha. Anaacha kushona, anaacha kutoka jioni, anaacha kusoma, anakaa karibu na dirisha. Ukimuuliza anasema anaona vizuri tu, maana kila kilichomshinda ameshakiacha. Na jicho moja likiwa bado zima kidogo ndiyo kabisa, hatajua la pili limekufa mpaka ulizibe lile zima.

Halafu na sisi watoto tunamalizia: "huo ni uzee tu mama". Nani ataenda hospitali kutibu uzee?

#5 Mpiga Tochi

Fundi umenigusa. Kuna wazee nikiziba jicho lile zima wanashtuka na kurudi nyuma. Wanadhani nimewafanyia kitu.

#6 Sauti ya Nyuma

Wote mnazunguka. Ni WOGA. Kila mtaa una mtu mmoja "aliyepasuliwa akatoka haoni kabisa". Huyo mmoja ana nguvu kuliko mabango yenu yote. Kwetu alikuwapo baba mmoja wa makamo, alipasuliwa, hakuona baada ya hapo. Mtaa mzima uliapa.

#7 Daktari Mstaafu

Sauti ya Nyuma, hoja yako ni nzito na wataalamu huwa hatuisemi vya kutosha.

Wengi wa hao "waliopasuliwa wakatoka hawaoni" walikuwa na tatizo la pili nyuma ya mtoto wa jicho. Mshipa wa fahamu wa jicho ulikuwa umeshakufa kwa presha ya macho, au retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, imeharibiwa na kisukari. Ukiondoa lenzi yenye ukungu umesafisha dirisha, lakini anayetazama kwa ndani hayupo. Madhara ya upasuaji wenyewe yapo, siyakatai, mojawapo ni maambukizi ndani ya jicho. Lakini ni machache. Kosa kubwa ni kutomwambia mgonjwa kabla ya upasuaji atarajie kuona kiasi gani. Akiambiwa na familia ikasikia, hata matokeo yakiwa madogo, mtaa hauapi.

Mleta uzi, na wewe kuhusu hiyo kadi yenye tundu: isikufanye uridhike. Mwenye mtoto wa jicho anayeanza anaweza naye kuona afadhali kupitia tundu. Mpe miwani, lakini mwambie pia akaonwe. Na mwenye presha ya macho anaweza kusoma mistari yote ya ubao wako huku pembeni kumeshafunga. Ubao haumkamati huyo.

#8 Kijiwe Namba Moja

Hiyo ya presha mbona rahisi, pimeni presha ya mkononi hapohapo kambini. Mwenye presha ya damu ndiye mwenye presha ya macho.

#9 Nesi wa Zamu

Hapana mkuu, hivyo ni vitu viwili. Presha ya macho ni mgandamizo wa maji yaliyomo ndani ya jicho, yanayotengenezwa na kutoka kupitia njia yake. Mtu anaweza kuwa na presha ya damu ya kawaida kabisa na jicho likawa linaumia. Na kinyume chake.

#10 Daktari Mstaafu

Naongezea kwa Nesi: wapo hata wanaopofuka kwa ugonjwa huo wakati kipimo cha mgandamizo wa jicho kinasoma kawaida. Ndiyo maana ni lazima mshipa wenyewe uangaliwe kwa ndani. Wa kuwatafuta kwanza ni wenye umri mkubwa na ndugu wa damu wa mgonjwa. Kaa Chonjo, kwa kuwa mama yako anao, wewe na ndugu zako mnatakiwa kupimwa. Mwambie na mama mdogo.

#11 Kaa Chonjo

Nilikuja kusikiliza, nimeondoka na kazi 😅 Sawa daktari, nimepokea.

#12 Mtu wa Takwimu

Nimesoma hadi hapa. Naleta kitu ambacho hakitawafurahisha.

Uingereza walifanya utafiti mkubwa kwa wazee wa miaka 75 na kuendelea, ukachapishwa 2003 kwenye jarida la BMJ. Vituo vya afya viligawanywa kwa bahati nasibu: upande mmoja wazee wote walipimwa uoni kwa ubao, upande wa pili waliulizwa tu maswali, na wale wenye shida pekee ndio wakapimwa. Baada ya miaka 3 hadi 5 wakalinganisha. Uoni wa makundi yote mawili ulikuwa sawasawa. Kupima wote hakukuongeza kitu.

Na Marekani, kamati yao ya kitaifa ya huduma za kinga ilisema tena 2022 kwamba ushahidi hautoshi kupendekeza au kukataa kupima uoni wa kila mtu wa miaka 65 na zaidi asiyelalamika.

Kwa hiyo mleta uzi, unachokiona mtaani kwako kimeonekana hata Uingereza, ambako hospitali iko karibu na matibabu hayalipiwi mlangoni.

#13 Mpiga Tochi

Duh. Sasa unataka tufunge kikundi?

#14 Kijiwe Namba Moja

Mtu wa Takwimu huwa anaingia kwenye uzi kama mvua ya harusini 😂

#15 Mtu wa Takwimu

Sijasema mfunge. Soma vizuri. Utafiti ule haukusema macho ya wazee hayatibiki. Miwani inafanya kazi, upasuaji wa mtoto wa jicho unafanya kazi, hilo halina ubishi. Ulichoonyesha ni kwamba kumpima mtu na kumwambia "nenda" si matibabu. Ripoti ya kwanza ya dunia kuhusu uoni ya Shirika la Afya Duniani, ya 2019, inasema watu wasiopungua bilioni 2.2 wana tatizo la kuona, na angalau bilioni 1 kati yao lingeweza kuzuiwa au bado halijashughulikiwa. Hao bilioni moja hawakosi ubao wa herufi. Wanakosa kinachofuata baada ya ubao.

#16 Mama wa Mapacha

Kinachofuata kiliwahi kufanyika India. Dkt. Govindappa Venkataswamy alipostaafu utumishi wa umma alianzisha hospitali ya macho ya Aravind mjini Madurai mwaka 1976, ikiwa na vitanda 11, na vidole vyake mwenyewe vikiwa vimepindishwa na ugonjwa wa viungo. Walikwenda vijijini kupima kama mnavyopima nyinyi. Tofauti ni kwamba aliyekutwa na mtoto wa jicho hakupewa karatasi peke yake, alipandishwa basi pamoja na wenzake wa kijijini, akapasuliwa, wakarudishwa pamoja. Nauli, kulala, chakula, vyote juu ya hospitali. Baadaye 1992 wakaanzisha na kiwanda chao cha lenzi bandia za kupandikiza jichoni ili bei ishuke.

Hilo linajibu hoja ya Nesi ya msindikizaji na hoja ya Sauti ya Nyuma ya woga kwa mpigo mmoja. Unakwenda na jirani yako, unamwona anafunguliwa bandeji kitanda cha pili.

#17 Sauti ya Nyuma

Hiyo ya kwenda na jirani naikubali kwa mikono miwili. Ila tusijidanganye, inataka hospitali yenye nafasi siku hiyohiyo. Kambi nyingi ninazozijua zinapima asubuhi, zinapiga picha, zinaondoka jioni. Na wenyewe Aravind waliona kwamba sehemu kubwa ya wenye matatizo hawaji hata kambini, ndiyo maana wakafungua vituo vidogo vya kudumu huko huko vijijini. Kambi ikiisha, mzee aliyekuwa mgonjwa siku ile anabaki na nini?

#18 Rubani wa Ardhini

Mmetaja lenzi bandia, nichomekee kidogo. Iligunduliwa kwa sababu ya ndege za vita! Daktari wa Uingereza, Harold Ridley, aliona marubani waliopata vipande vya kioo cha ndege machoni hawaozi macho. Akatengeneza lenzi ya kioo hicho, akaipandikiza mwaka 1959.

#19 Fundi Miwani

Rubani umeruka miaka kumi. Ni 1949, London. Na haikuwa kioo, ni plastiki ngumu ya akriliki, ndiyo maana jicho liliivumilia. Kabla ya hapo mtoto wa jicho aliondolewa na mtu akabaki bila lenzi, anavaa miwani mizito kama kitako cha chupa.

#20 Rubani wa Ardhini

Ahsante fundi, nimetua salama.

#21 Babu Mtazamaji

Wanangu, hamjambo. Mnaongea mengi kuhusu sisi. Mimi ndiye mzee mwenyewe, nina miaka 78 na ninawasoma kwa simu iliyokuzwa herufi mpaka maneno matatu yanajaza kioo. Nikichoka naiachia simu inisomee kwa sauti.

Sina mtoto wa jicho, nilishaondolewa. Nina kuchakaa kwa makula, ile sehemu ya katikati ya retina. Nikikutazama usoni sikuoni uso, namwona aliyekaa pembeni yako. Macho yote mawili. Ni ile aina kavu.

Sasa sikilizeni kwa nini mimi niliacha kwenda. Nilipimwa kambini, nikapewa karatasi, nikaenda. Nilikwenda! Kwenye hospitali hiyo, siitaji, nikasubiri kutwa nzima. Daktari akaniangalia, akasema, "Mzee, hakuna cha kufanya." Akaita mwingine. Nilikaa nyumbani muda mrefu nikiamini hivyo. Sikusoma, sikuandika, niliacha hata kwenda kwenye mikutano kwa sababu nawapita watu bila kuwasalimu na wanadhani nina kiburi.

Aliyenitoa humo alikuwa binti mmoja mtaalamu wa uoni hafifu. Hakuniongezea jicho. Alinifundisha kutazama pembeni: nisiangalie kitu chenyewe, niangalie juu yake kidogo, kipate kuangukia sehemu ya retina iliyo hai. Inachosha mwanzoni, shingo inauma. Akanipa lenzi ya kukuzia yenye taa. Mwanangu alikuwa ameninunulia kubwa kama sahani, haikusaidia. Binti akanieleza kwamba lenzi ikiwa na nguvu sana inakuwa ndogo na unaisogeza karibu na jicho, maneno machache kwa mara moja. Ile kubwa ya kupendeza haina nguvu.

Kwa hiyo mleta uzi, ukipima, unatafuta wa miwani na wa upasuaji. Mimi si wa miwani wala wa upasuaji. Kwenye daftari lako naandikwa safu gani?

#22 Mpiga Tochi

Shikamoo mzee wangu. Safu hiyo hatuna. Wa aina yako tunaandika "rufaa" kama wengine.

#23 Babu Mtazamaji

Marahaba mwanangu. Basi iongezeni.

#24 Nesi wa Zamu

Shikamoo babu. Uzi ungeishia hapo ungekuwa umeshatosha, lakini naongezea ya nyumbani, kwa sababu haya hata anayejitolea anaweza kuyafanya siku hiyohiyo bila kusubiri daktari.

Mwanga kwanza. Jicho la mtu wa miaka 60 linapitisha hadi kwenye retina kama theluthi moja ya mwanga unaopita jicho la kijana wa miaka 20. Taa inayokutosha wewe kwake ni giza. Isogeze taa ikae karibu na kile anachokisoma, itokee ubavuni mwake upande wa jicho lililo afadhali, balbu isimpige usoni. Kuning'iniza taa kali katikati ya dari mara nyingi kunamwongezea mng'ao tu.

Kisha rangi zitofautiane. Ukingo wa kila ngazi, hasa ya mwisho, bandika utepe wa rangi inayopingana na sakafu. Swichi nyeupe kwenye ukuta mweupe haionekani, izungushie mstari mweusi. Chupa za dawa zinazofanana zitofautishe kwa kuzifunga mpira: ya asubuhi mpira mmoja, ya usiku miwili. Na kitu kisihamishwe bila kumwambia. Kiti mlichosogeza kidogo ili kupiga deki kinavunja nyonga.

Na mnapowaongoza, msiwashike mkono na kuwavuta. Mwache yeye akushike juu kidogo ya kiwiko, wewe tangulia nusu hatua. Mwili wako utamwambia ngazi ilipo.

#25 Mama wa Mapacha

Naomba niulize jambo ambalo nyumbani tunalizungumza kwa kunong'ona. Bibi yetu haoni vizuri macho yote. Siku hizi anaona watoto wadogo wamekaa juu ya kabati, wamevaa kofia, hawasemi kitu. Akili yake iko sawa, anahesabu pesa, anajua siku zote za wiki. Hakutuambia, tulimsikia usiku akiwaambia "haya shukeni sasa mkalale". Wapo ndugu wanaosema amerogwa, wapo wanaosema kichwa kimeanza. Kumbe yeye alikuwa ameficha kwa kuogopa hayohayo.

#26 Daktari Mstaafu

Mama, tulia. Kuna hali inayojulikana kwa jina la Charles Bonnet, msomi wa Geneva aliyeieleza mwaka 1760 baada ya kumwangalia babu yake, Charles Lullin, mzee wa miaka 89 mwenye akili timamu, aliyekuwa akiona watu, ndege na majengo yasiyokuwepo. Macho yanapoacha kuleta picha za kutosha, ubongo unajitengenezea zake. Mara nyingi ni kimya kabisa, hazina sauti, na mwenye kuziona anajua au akielezwa anakubali kwamba si za kweli. Watu wadogo wenye kofia na mavazi ya ajabu ni kawaida sana.

Si kurogwa. Akaonwe na daktari hata hivyo, ili kuhakikisha si dawa anazotumia wala maambukizi ya mkojo wala ugonjwa mwingine wa ubongo. Kama picha zinaongea naye au zinampa amri, hiyo ni habari tofauti. Kwa Bonnet, mwambieni awashe taa, apepese macho haraka, au azungushe macho huku na huku. Wengine zinaondoka. Na kumwambia tu kwamba wengine wenye macho kama yake wanaona hivyo ni nusu ya tiba.

#27 Babu Mtazamaji

Mimi huona ukuta wenye nakshi za matofali. Sikuwahi kumwambia mtu. Ahsante daktari. Mama, msalimie bibi, mwambie wa kwangu hawana kofia.

#28 Mama wa Mapacha

Nimemsomea bibi hadi hapo. Amecheka, halafu akaomba nimsomee tena ile ya mzee wa miaka 89. Mbarikiwe.

#29 Kijiwe Namba Moja

Turudi kwenye mada. Mimi nasema tugawe miwani mingi iwezekanavyo, kila mzee yake. Itapunguza hata kuanguka. Hapo hakuna wa kubisha.

#30 Mtu wa Takwimu

Nabisha 🙂

Sydney, Australia, 2007: wazee wa miaka 70 na zaidi waligawanywa, kundi moja wakapimwa kikamilifu, wengi wakapewa miwani mipya. Hao ndio WALIOANGUKA ZAIDI ndani ya mwaka. Watafiti wenyewe walidhani ni kwa sababu mzee dhaifu akibadilishiwa miwani ghafla sakafu inampanda na kushuka mpaka azoee, au anaanza kutoka zaidi kuliko zamani.

Upande wa pili, Nottingham, 2005: wanawake wa zaidi ya miaka 70 waliopasuliwa mtoto wa jicho wa jicho la kwanza mapema, kuanguka kulipungua kwa asilimia 34 wakilinganishwa na walioachwa kwenye foleni.

Kwa hiyo si kila "kuona vizuri" kunafanana.

#31 Fundi Miwani

Hapo niko na wewe kwa mara ya kwanza leo. Kanuni yangu kwa mzee anayeyumba: nguvu ya miwani usiiruke kwa hatua kubwa mara moja, hata kama ubao unasema. Na ile miwani yenye lenzi ya mbali juu na ya kusomea chini ni mtego kwenye ngazi, maana mtu akitazama miguu anaitazama kupitia sehemu ya kusomea. Anayependa kutembea nje mpe ya mbali peke yake kwa ajili ya kutembea. Ila anayekaa ndani muda wote usimwongezee miwani ya pili, inamchanganya. Utafiti wa Australia wa 2010 ulionyesha karibu hayohayo: wanaotoka mara kwa mara walinufaika, wasiotoka wakaanguka zaidi wakiwa nje.

#32 Sauti ya Nyuma

Na hakuna aliyetaja matone ya kununua dirishani? Kabla mzee hajafika kwenu ameshaweka kila kitu jichoni. Maji ya majani, asali, tone alilopewa jirani.

#33 Daktari Mstaafu

Umenikumbusha jambo muhimu sana. Matone yenye steroidi yanaondoa wekundu na muwasho haraka, mzee anafurahi, anayarudia kwa miezi. Yanapandisha presha ya jicho kimyakimya na yanaleta mtoto wa jicho. Mpiga Tochi, kila unayempima mwambie atoe kichupa anachotumia, kisome. Dakika moja tu. Na vitu vya majani vinachubua kioo cha jicho, kovu likishika katikati hakuna miwani ya kulivuka.

#34 Mpiga Tochi

Wakuu nimeandika kila kitu. Nimepanga hivi tukitoka tena: kabla ya kuandika rufaa tumuulize mzee nani atampeleka, na tumpigie huyo mtu simu palepale. Tupeleke kwa makundi ya majirani, siyo mmojammoja. Twende na aliyewahi kupasuliwa akaona, akae kwenye benchi na wanaosubiri. Safu ya Babu tunaiongeza, na tunatafuta mtaalamu wa uoni hafifu wa kushirikiana naye.

#35 Nesi wa Zamu

Kumpigia simu msindikizaji ndiyo yote. Mengine ni nyongeza.

#36 Fundi Miwani

Dada Nesi hukubali kushindwa. Utampigia, atasema sawa, na mzee atakataa kuvaa viatu. Kwanza muonyeshe mzee anachokikosa. Mzibe jicho zima, mpe sindano na uzi.

#37 Sauti ya Nyuma

Na mimi bado nasema woga. Aliyepasuliwa akae kwenye benchi, lakini mtafuteni na yule ambaye hakufanikiwa, aeleze kwa nini. Mkimficha, mtaa utamleta wenyewe.

#38 Mtu wa Takwimu

Mpiga Tochi, andika kwenye daftari nani alifika hospitali na nani hakufika, na sababu kwa maneno yake mwenyewe. Hawa watatu watabishana mpaka mwakani bila hiyo.

#39 Kaa Chonjo

Daktari kabla hujatoka: mama ana chupa mbili za matone ya presha ya macho, zote za usiku. Anaweka zote kwa mkupuo na nusu inamwagika shavuni. Sahihi?

#40 Daktari Mstaafu

Aache dakika 5 kati ya chupa moja na nyingine, la sivyo la pili linaosha la kwanza. Tone moja tu latosha. Akishaweka, afumbe jicho bila kulikaza na abonyeze kona ya ndani karibu na pua kwa dakika moja au mbili, dawa isikimbilie kooni. Mkono ukitetemeka alale chali, au wewe umuwekee. Na asiache kwa sababu haoni tofauti. Dawa hiyo hairudishi kilichopotea, inalinda kilichobaki, kwa hiyo ikifanya kazi vizuri hatahisi kitu chochote.

#41 Kaa Chonjo

Alikuwa amesitisha moja kwa sababu hiyohiyo. Naenda kumwekea sasa hivi.